Trevor Akosa Nafasi ya Trevor

Glenys, shoga, mume wangu Trevor kaniaibisha, sijui nilie au nicheke.

Si unaijua ile bendi inayoiga bendi ya zamani ya kina Trevor, Copper Heron? Walikuwa wanatafuta mtu wa kupiga gitaa kama Trevor. Trevor akaenda mwenyewe, baa moja kule mjini Dudley, na suruali yake ile ya jukwaani ya 1974. Zipu haifungi.

Akapiga. Wakamwambia, "Mzee, pale katikati kwenye rekodi kuna kosa. Wewe umepiga sawasawa."

"Mimi ndiye Trevor. Siku ile nilikuwa nimelewa. Nimeshalirekebisha."

"Hata kama. Watu wanakuja kusikia lile kosa."

Lile kosa, Glenys.

Nafasi kapewa daktari wa meno mmoja, anayelipiga kosa vilevile.

Sasa hivi yuko sebuleni na rekodi yake, anajifunza kukosea. Bado anapatia tu.