Hofu Waliyoiita Uchamungu

Jumatatu, 10 Novemba
Kwa jina la Mola aliyeumba usiku na akaumba mchana, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na jamaa zake. Nimeswali alasiri. Chai iko mezani, inapoa. Majira ya baridi ya huku yanafupisha mchana, alasiri na magharibi zimeanza kukaribiana tena. Kufikia mwezi ujao, maji ya udhu hayatapata muda wa kukauka baina ya sala na sala. Tangu adhuhuri ninalitazama dirisha. Kila mwaka hofu huja na giza hili. Mwaka huu imetangulia.

Ijumaa, 28 Novemba
Limetokea. Nilikuwa nikiongoza magharibi katika msikiti wetu mdogo, juu ya duka la vitambaa hapa Walthamstow, huku kwa Waingereza. Katikati ya Alhamdu pumzi ikakatika. Kifua kikabana, mikono ikawa baridi, nikayakinisha kwamba ninakufa. Sura niliyoikusudia ikanitoka kichwani. Nikasoma Kauthar kwa sauti ya kutetemeka, machozi yakinishuka kwa woga. Nyuma yangu nikasikia watu wanalia.
Baada ya salamu, Haji Mbwana, mwenyekiti wetu, alinibusu mkono. "Maimamu wengine husoma kama wamechelewa treni, Sheikh. Wewe unamwogopa Mola."
Sikuwa nikimwogopa Mola. Nilikuwa nikiogopa tu. Nikamshukuru, nikatafuta viatu vyangu.

Jumapili, 30 Novemba
Habari imeenea. Leo walikuja wageni kutoka Kingsbury, mtaa wa mbali, ili waswali nyuma yangu. Nilitetemeka tena. Walilia tena. Nimechukia kupendwa kwa jambo hili.

Jumanne, 9 Desemba
Nimejiandikia kombe, dawa ya aya. Zafarani, sahani nyeupe, maji ya waridi, aya za kinga. Nikaliosha, nikalinywa kwa nia. Kwa miaka mingi nimewaandikia wengine, wanawake wasiolala, vijana wanaoogopa kutoka nje. Nilikuwa nikiwaambia wazidishe dhikri na uradi. Sikurudi hata mara moja kuwauliza kama liliwafaa.
Magharibi imeingia kabla ya saa kumi. Kifua kile kile.

Alhamisi, 18 Desemba
Bi Zuhura, mke wangu, amenipeleka kwa daktari. Sikumwomba, alinivisha koti tu. Daktari ni binti mdogo, mpole. Anasema ni maradhi ya hofu, na kwa watu wengine huzidi katika miezi ya giza. Amenipa vidonge na kunishauri ninunue taa ya mwanga mkali, niketi mbele yake kila asubuhi.
Nimeinunua leo leo, nimeketi. Ukuta umeng'aa. Mimi bado.
Nilisomeshwa kwamba moyo hutulia kwa kumtaja Mola. Ninamtaja. Hautulii. Swali linalofuata silitaki, wala siliandiki.

Jumapili, 21 Desemba
Siku fupi kuliko zote. Sikutoka. Giza.

Ijumaa, 9 Januari
Kamati ya msikiti imekaa baada ya sala ya Ijumaa. Wameamua niongoze tarawehe mwezi mzima wa Ramadhani, peke yangu. Zamani tuligawana watatu. "Watu wanakutaka wewe," Haji Mbwana alisema. "Hao wengine wakazinoe sauti zao nyumbani." Wakacheka. Nami nikacheka, mikono nimeificha ndani ya kanzu.
Mwezi mzima, kila jioni, mbele ya safu zile. Siwezi. Wala sijui namna ya kusema siwezi.

Jumatano, 21 Januari
Nimesema. Nilimwita Haji Mbwana nyumbani, nikamweleza wazi. Kwamba machozi yale si uchamungu, ni ugonjwa. Kwamba ninapotetemeka sizifikirii aya, ninaufikiria mlango. Kwamba wanalia kwa kitu kisichokuwepo.
Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akanishika mkono, macho yamemjaa maji. "Sheikh wangu, ndivyo wasemavyo wacha Mungu wa kweli. Hawajioni."
Hata ukiri wangu ameufanya unyenyekevu. Leo jioni wote watakuwa wameshausikia.
Bi Zuhura aliyasikia yote kutoka jikoni. Alikuja kuchukua vikombe.

Jumamosi, 7 Februari
Jua sasa linachelewa kidogo kuzama. Nilidhani hofu itachelewa nalo. Leo nilifika sokoni, wachuuzi wanakunja meza zao, taa zinawashwa moja moja. Miguu ikagoma. Nikashika nguzo. Mama mmoja wa Kiingereza akaniuliza kama aniitie gari la wagonjwa. Nikarudi nyumbani bila kufika msikitini.
Haji Mbwana akapiga simu. Nikamwambia ni magoti, siwezi tena kusimama muda mrefu, watafute imamu mwingine wa tarawehe.
Magoti akayaelewa mara moja. "Pole sana, Sheikh. Magoti hayo yamesujudu mno, lazima yachoke."
Ukweli haukunifungulia mlango. Uongo umenifungulia. Tena katika Shaabani, Ramadhani ikikaribia. Ninaona aibu, na aibu haikuipunguza hofu hata kidogo.

Jumatano, 18 Februari
Mwezi umeandama. Msikitini wanaongoza wale wawili wa zamani. Hakuna aliyekasirika. Wameniletea tende, na dawa ya kuchua magoti.
Baada ya isha Bi Zuhura aliwasha taa zote za nyumba, na ile ya daktari pia, akatandika misala miwili. Nikasimama mbele, yeye nyuma yangu. Katikati ya Alhamdu pumzi ikakatika, pale pale. Nikangoja irudi. Haikurudi. Nyuma yangu hakulia mtu. Alikuwa akingoja tu.
Nikaikata sala, nikaketi. Akanipa maji. Kisha akasogea kwenye msala wangu, akaswali rakaa zake peke yake, kwa sauti ndogo, bila haraka. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Sikulia.
Kesho ni saumu ya kwanza. Magharibi itaingia kama ilivyoingia leo.
Atakayelifungua daftari hili baada yangu, Mola amnurishe kifua, awalinde walio nyumbani mwake, wala asiwaache gizani. Amin.