Mzee wa Kisimani

Jumapili jioni, Pasiansi

Huyu mwanangu Neema ataniua. Leo nimemnunulia toleo jipya la lile gemu la mashujaa, naye kaingia kijiji cha mwanzo cha gemu akampita yule mzee anayekaa kisimani kama anapita nguzo ya umeme. Hata salamu!

Mimi na mdogo wangu Masanja tulikua tukicheza gemu hilo, kwenye banda moja la gemu pale Kirumba. Kiingereza hatukukijua. Tulijua tu kwamba mzee yule yupo katika kila toleo, na kwamba mtu mzima hapitwi hivi hivi. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuongea naye tulisema kwa sauti, "Shikamoo babu!" Banda zima lilicheka. Siku moja Masanja alisahau kumsalimia, joka la mle kwenye gemu likatumaliza, akalia njia nzima hadi nyumbani. Hakusahau tena.

Miezi minne sasa hatuongei, tangu tulipogombana kuhusu kuuza nyumba ya marehemu baba. Nilimwambia maneno ambayo... basi. Naogopa nimempoteza.

Baada ya kula nilipiga picha gemu la Neema, mzee akiwa kisimani na ndoo yake, nikamtumia Masanja bila kuandika neno. Nikaosha vyombo. Nikaangalia simu. Nikaosha tena sufuria ambayo ilikuwa safi.

Simu ikalia. Ameandika maneno mawili tu: "Shikamoo babu."

Nimekaa chini palepale jikoni. Kisha nikamjibu: "Marahaba. Safari hii joka nilikuwa mimi."