Ulimi wa Ooko Ukatwe Jumamosi?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu hapa Usenge sina wa kumwambia. Mtoto wangu Ooko ana miaka minne na hajatamka hata "mama", na mama mkwe anasema nisihangaike kwa sababu tulimpa jina la babu yake ambaye alikuwa mtu wa kunyamaza, "Amefuata mwenye jina, wachana na yeye, ataongea akitaka," na mume wangu Nicodemus, ambaye ni mvuvi, anakubaliana naye, kwa hivyo tumengoja na kungoja, lakini watoto wenzake wakifukuza ndege kwenye dagaa wa omena nilioanika wanapiga kelele na wangu anapunga mikono tu, kimya, roho inaniuma. Basi nikaanza kutafuta kwenye simu, nikapata kurasa za vyama vya wataalamu wa kufundisha watu kuongea, nyingi za ng'ambo na Kiingereza kizito, nikachukua tu mazoezi yenye video, kama kumpaka mtoto asali juu ya mdomo ailambe, na Ooko anailamba hadi karibu na pua na kuomba nyingine kwa kidole, lakini neno halitoki.

Ndipo nikaingia grupu moja ya WhatsApp ya kina mama wenye watoto kama wangu, na huko nimepata dada wa kweli, ila anayeiendesha ni mtu anayejiita Daktari Mark, na yeye alitazama video ya Ooko akasema ulimi umefungwa na kamba ya nyama chini yake, ikatwe, akifika miaka mitano tutakuwa tumechelewa, nimpeleke Jumamosi nyumbani kwake Nyamasaria. Nilimwambia Ooko pia ni mkaidi, nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki lakini akiniona nimeinua sahani anakuja mbio, akasema hiyo ni hasira ya kushindwa kuongea. Mama mmoja wa Port Victoria, Naswa, aliuliza kwenye grupu Daktari ni mwanachama wa chama gani, akatolewa siku hiyo hiyo, na mimi naogopa nikiuliza nitatolewa pia nibaki peke yangu, naogopa nikienda atamkata vibaya, naogopa nisipoenda nitakuwa nimemnyima mtoto sauti yake. Nifanye nini?

Caren, Usenge

Caren, vuta pumzi. Huendi Nyamasaria. Nimeanza na hilo ili usilitafute huko chini.

Mtu anayetaka kukata ulimi wa mtoto nyumbani kwake kwa sababu ametazama video, na anayemfukuza mama kwa kuulizwa chama chake, ameshamjibu Naswa. Mtaalamu wa kweli ukimuuliza amesajiliwa wapi anakuonyesha bila kununa. Umefanya vizuri kuogopa.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeniandikia jambo kubwa ukalipita mbio kana kwamba ni utundu wa mtoto. Anayelamba asali hadi karibu na pua, ulimi wake unatembea. Asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, lakini anakuja mbio akiona sahani, huyo kuna mtu amewahi kumpima masikio? Mimi si daktari na sisemi kwamba Ooko hasikii. Lakini hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtaalamu angekuuliza, na nyinyi mmekaa miaka yote hiyo mkimsingizia marehemu. Babu alikuwa mkimya, sawa, lakini akiitwa kula hakusikia? Muulize mama mkwe hilo, kwa heshima.

Kesho mpeleke hospitali ya serikali, na Nicodemus aende nawe, nyavu zitamngoja. Omba Ooko apimwe masikio, na mweleze daktari waziwazi kwamba hageuki akiitwa. Ulimi nao wauangalie hapo hapo, watu wenye glavu na leseni. Wakikwambia hawana vifaa, usirudi nyumbani kulia, waulize wanakutuma wapi, kisha uende.

Halafu rudi kwenye simu, ila safari hii tafuta chama cha wataalamu wa hapa kwetu Kenya. Waandikie kwa Kiswahili chako hicho hicho. Uliza nani yuko karibu nawe, na uliza pia kama huyu Mark wanamjua. Mazoezi ya asali yaweke kando kwanza, aliyetengeneza video hajawahi kumwona Ooko.

Kuhusu kutolewa kwenye grupu, namba ya Naswa si bado unayo? Mpigie leo, naye amebaki peke yake huko. Waambie na wale dada zako wengine, mmoja mmoja, kwamba hakuna ulimi wa kukatwa nyumbani kwa mtu.

Na kabla hujamwona daktari yeyote, acha kumwita Ooko kutoka nyuma. Zunguka uje mbele, chuchumaa auone uso wako, ndipo useme jina lake. Maana kama kweli hasikii, mtoto huyu hajawahi kukukaidi hata siku moja.