Karavani ya Kileleshwa

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Riruta tuko salama, nyanya yako anakusalimu. Umeniuliza kama nami niliwahi kuishi garini peke yangu, kama wewe huko kwenye theluji.

Miaka ya sitini, nikiwa kibarua wa ujenzi Kileleshwa, mwajiri alinipa karavani kuukuu nilale. Julai hiyo baridi ilikuwa kali, basi nikitoka kazini najifungia. Mwezi mzima hakuna aliyenisalimu. Nikaamini majirani wananidharau.

Jumapili moja nilifungua mlango nimwage maji. Mama wa jirani, aliyekuwa akianika nguo, akashtuka.

"Kumbe kuna mtu humo ndani!"

"Nipo, mama."

"Na baridi hii yote! Ngoja nikuletee chai."

Nilimngoja nikiona haya.

Niambie, hapo ulipoegesha, kuna anayejua umo?

Babu yako,
Wafula