Safari ya Kwenda kwa Riziki

Jumatatu, 7 Julai

Kujumlisha pointi za mitihani ya darasa la nne kumeisha. Wawili wameanguka historia. Nimewaonea huruma, sikubadili kitu. Hema mbili zimekunjwa. Sufuria, bashi la kutandika chini, unga wa muhogo, chumvi, dawa ya malaria. Deo, mume wangu, ametengeneza mnyororo wa pikipiki yetu kwa mara ya tatu wiki hii.

Safari ni ya Neema. Mwezi wa tisa anaenda Kindu kusoma kwa masista, atalala hukohuko. Sitaki binti yangu aondoke bila kuona vitu ambavyo mama yake anafundisha watoto wa wengine: Tongoni, Nyangwe, maji moto ya upande wa Kabambare. Siku tisa. Majirani wanatucheka. Watu wenye nyumba kwenda kulala porini.

Leo Mama amesema naye anakuja. Hakuomba, alisema tu. Atapanda na Yohana, mdogo wangu. Tangu tukimbie kutoka huko Kabambare wakati wa vita, Mama hajarudi hata siku moja. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Yohana alikuwa mgongoni. Riziki, wa katikati, alikufa kwa homa njiani. Miaka minne tu. Hilo ndilo tunalojua. Nadhani Mama anataka kumwekea msalaba.

Nimefurahi. Naogopa pia.

Jumanne, 8 Julai

Tongoni. Kasongo ya zamani, mji wa Waarabu na watu wao. Nimeuandika ubaoni kila mwaka na huwa nauandika mkubwa. Tulikuta vipande vya matofali kwenye majani, makaburi ambayo hakuna anayejua ni ya nani, na mbuzi.

Neema aliuliza kama ni hiki tu. Nikasema ndiyo. Nikaongeza maelezo mengi, kwa sauti ya darasani, kwa sababu nilikuwa na aibu. Deo aliokota kipande cha chungu akampa, akafurahi nacho.

Mama alikaa peke yake.

Jumatano, 9 Julai

Njia. Gurudumu la Yohana limetoboka mara mbili. Mgongo unauma.

Alhamisi, 10 Julai

Nyangwe. Tumepiga hema juu kidogo ya Lualaba. Mto mpana, wa rangi ya chai yenye maziwa, unapita kama hauna haraka. Tumepata samaki kwa wavuvi waliokuwa wanatoa mitumbwi yao majini. Wakati wa adhana ya alasiri walisimama wote, wakaenda, wakatuachia watoto wao tuwaangalie kama tunafahamiana.

Mzee mmoja alituonyesha mahali palipokuwa soko la zamani. Sasa ni njia ya kushukia mtoni. Nilimweleza Neema jinsi watu walivyofungwa shingo kwa shingo na kupelekwa mbali kwa miguu. Akauliza wale walioshindwa kutembea walifanywa nini. Nikamjibu kama ninavyojibu darasani, bila kufikiri: waliachwa njiani.

Mama aliinuka, akashuka hadi majini, akasimama huko mpaka samaki walipopoa. Neema alikwenda kumwita. Alirudi peke yake, akasema Koko, ndivyo anavyomwita bibi yake, hana njaa.

Nilimkasirikia Mama. Niliandaa safari hii kwa miezi, na yeye anaipitia kama adhabu. Naandika hivi ili nisimwambie.

Ijumaa, 11 Julai

Tumegeuza kuelekea Kabambare. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Daraja la miti lenye mashimo, tukavuka kwa miguu, wanaume wakisukuma pikipiki. Wachimbaji wa dhahabu wanaoelekea Salamabila wanatupita mbio, watatu watatu kwenye pikipiki moja, na makoleo mgongoni.

Mama amemsimamisha Yohana mara sita. Anashuka, anasimama, anapanda tena. Yohana ana subira naye. Mimi sina.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui nianze wapi.

Tulifika kwenye maji moto asubuhi. Yanatoka kati ya mawe, moshi juu yake, harufu ya mayai mabovu. Neema na baba yake walitia viazi vitamu kwenye kikapu wakavitumbukiza waone kama vitaiva. Walikuwa wanacheka. Mimi na Mama tulikaa upande wa chini, tumetia miguu. Miguu yake imekuwa myembamba. Sikuwa nimeiangalia siku nyingi.

Akasema nimwite Yohana. Alipokaa, Mama alisema, bila kutuangalia:

"Riziki hakukufa pa njia. Nilimuacha muzima."

Ilikuwa hivi. Watu wenye bunduki waliingia kijijini kwetu asubuhi. Baba alibaki nyuma na wanaume wengine, hatukumwona tena. Riziki alikuwa na homa tangu jana yake, miguu haikumbeba. Mama alimfunga mbele kwa kitenge, Yohana nyuma. Kwenye kilima akaanguka nao. Akaanguka tena. Akaniambia nitangulie na majirani, nibebe sufuria, atatufikia mtoni Luama. Kisha akaingia kwenye nyumba ya mama mmoja wa kijiji cha njiani aliyeitwa Mama Sifa, ambaye hakukimbia kwa sababu ya mguu mbovu. Alimlaza Riziki kwenye mkeka. Alimwambia atarudi jioni. Tulivuka Luama, na nyuma yetu mitumbwi haikuvuka tena.

Mtoni alikuja na Yohana tu. Nilimuuliza Riziki yuko wapi. Akasema Mungu amemchukua, watu wamemzika. Niliamini. Baada ya miaka miwili mtu wa kule alimwambia sokoni kwamba yule mtoto alikufa. Hakuuliza lini, wala vipi. Anasema angeuliza angejibiwa.

Yohana alisimama. Kisha:

"Kwa hiyo ulinichagua mimi."

"Wewe ulikuwa unanyonya," Mama akasema. "Yeye alikuwa anaweza kula kwa watu."

Yohana akaondoka. Neema akaja na kiazi, kimeiva nusu, akitaka tuonje. Tukaonja.

Kuna kitu kimoja Mama hakukitaja. Kabla ya kile kilima nilimbeba Riziki mimi. Nilimbeba mpaka palipoanza mawe, kisha nikasema nimechoka. Nimekumbuka neno hilo miaka yote, nikidhani ni neno la mtoto yeyote.

Jumapili, 13 Julai

Yohana amewasha pikipiki asubuhi na kuondoka bila kuaga. Deo alitaka kumfuata, nikamzuia. Mama alikunja kitenge chake, akakikunjua, akakikunja. Kwa mbali watu walikuwa wanaimba kanisani. Nilimchukia Yohana, nikamchukia Mama, kisha nikajiona mimi mwenyewe nimeketi tu.

Neema ameuliza kama ni yeye aliyekosea. Nimemwambia hapana. Nimemweleza kidogo. Alikwenda akakaa karibu na Koko, akaanza kumsuka nywele. Mama alimwacha.

Saa saba Yohana akarudi. Alikuwa amefika Luama. Ameulizia kivuko, ameulizia kijiji, ameulizia Mama Sifa. Yuko hai.

"Mama, panda," akasema.

Jumatatu, 14 Julai

Tulilala karibu na kivuko, leo asubuhi tukavuka. Mitumbwi miwili imefungwa pamoja, pikipiki juu, sisi tumechuchumaa. Luama siyo kubwa. Nilikuwa nimeikumbuka kubwa kama Lualaba.

Kijiji kina nyumba kama ishirini. Mama Sifa alikuwa anapepeta mpunga mbele ya mlango. Mzee sana, mguu mmoja umejikunja. Alimwangalia Mama, akaweka ungo chini. Walizungumza Kibangubangu. Mimi ninasikia nusu yake. Hawakulia. Walishikana mikono kama watu waliokutana sokoni, ila hawakuachiana.

Alituongoza nyuma ya nyumba. Kuna shamba la muhogo, na kwenye kona pana mawe saba yamepangwa. Pembeni ya mawe hapajalimwa, hatua mbili kila upande. Miaka yote hiyo, shamba la mtu, na hapajalimwa.

Mama akauliza kwa Kiswahili. Nadhani alitaka sisi tusikie.

"Aliniulizia?"

"Hapana," Mama Sifa akasema. "Alilala siku ileile, jua lingali juu. Hakuamka."

Mama alipiga magoti. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, siyo kubwa, kama mtu anayetua mzigo. Yohana aling'oa majani kati ya mawe, moja moja, kwa vidole. Alikuwa anasema na Riziki. Sikusogea karibu nisikie. Deo alitengeneza msalaba kwa mti wa hapo. Neema ameandika jina kwa kisu, herufi ya Z imegeuka.

Jioni Mama alikula. Bugali yote na sombe yote ya majani ya muhogo, akaomba nyingine.

Jumanne, 15 Julai

Nilikwenda na Mama Sifa kisimani, nimbebee ndoo. Njiani nilimshukuru. Nikasema ni vizuri Riziki hakuteseka. Akasimama, ameegemea fimbo yake. Akaniuliza kama mama yangu ana moyo wenye nguvu. Nikasema hapana.

"Siku kumi na moja," akasema.

Homa ilishuka siku ya tatu. Riziki alikula. Alifukuza kuku. Alijifunza kuwasha moto. Kila jioni alikwenda kukaa kando ya njia, kwa sababu aliambiwa jioni. Mama Sifa hakuweza kumkataza. Wenye bunduki walipopita walimruka kama gogo, hawakumgusa. Kisha homa ikarudi, na dawa haikuwepo. Aliulizia mama yake mpaka mwisho. Aliulizia na mimi. Alisema yaya, ndivyo alivyoniita mimi dada yake, atakuja na sufuria.

"Usimwambie mama yako. Mimi niko muzee, nitaenda na hii neno."

Nikasema sitamwambia. Nikajaza ndoo. Ilikuwa nzito, na sikupumzika mpaka nyumbani kwake.

Siku hizo kumi na moja, tano za mwisho sisi tulikuwa tumeshafika Kasongo, kwenye uwanja wa parokia, tunagawiwa maharagi. Kulikuwa na watoto wengi. Nilicheza kamba.

Mama amemwachia Mama Sifa kitenge chake na sufuria yetu kubwa. Tumeaga. Amepanda nyuma ya Yohana na kuweka shavu mgongoni kwake. Yohana hakujisogeza.

Jumatano, 16 Julai

Njia ya kurudi. Mama hakusimamisha pikipiki hata mara moja.

Alhamisi, 17 Julai

Nyumbani. Nimefua vumbi mara tatu, maji bado ni mekundu. Hema zimeanikwa uani. Yohana amekuja kunywa chai, hajawahi kuja asubuhi. Amempelekea Mama mkate.

Baadaye Mama ameleta Biblia ya Baba, ile yenye majina yetu sote kwenye karatasi ya mwanzo, nani amezaliwa lini, nani amekufa lini. Mbele ya jina la Riziki pana siku ya kuzaliwa tu. Alisema niandike mimi, mwandiko wangu ni mzuri, na mimi ndiye mwalimu wa historia.

Akanitajia siku. Siku tuliyokimbia.

Nimeiandika. Mama amepitisha kidole juu yake, polepole, mpaka wino ulipokauka. Kisha akafunga, akaenda kuchambua sombe.