Njia Iliyobaki Kwenye Faili Dogo

Chanji, Sumbawanga

Dada yangu Tusekile,

Shikamoo dada. Kwanza niambie mgongo wa mama, maana mara ya mwisho ulisema hata kuinama kuchuma chai hawezi tena. Na wewe na watoto je? Mvua ya Tukuyu imewapa nafasi ya kuanika hata shuka moja? Huku kwetu ni upepo mkavu unaopenya mpaka kwenye mifupa, nimevaa masweta mawili na bado natetemeka. Ila sidhani kama ni baridi peke yake.

Barua hii nimempa jirani yetu anayeuza mchele, anakuja huko kwenu kufuata mzigo. Kukupigia sikuthubutu. Simu yako mama huiweka spika, na haya sitaki ayasikie kabla wewe hujatafuta namna ya kumwambia. Shemeji yako Gwamaka alipotea. Amepatikana, yu hai, kwa hiyo usianze kulia ukaitupa karatasi chini. Soma kwanza.

Unajua kazi aliyopata ya kukagua barabara za vijijini. Anapita na pikipiki, kamera ndogo ameifunga kwenye helmeti, inarekodi madaraja mabovu na makalavati yaliyozolewa na mvua. Akimaliza kipande ananitumia kadi ya kamera kwa basi kutoka Mpui, mimi nakata video na kuituma ofisini kwao. Nami kukata video nimejifunzia kwenye harusi na send-off, dada. Mteja wa harusi anataka keki, zawadi na mama mkwe akicheza. Dakika za watu kutafuta viti hazitaki. Basi hata za Gwamaka nilizifanya hivyo hivyo: nyasi ndefu natoa, mashimo nabakiza, naipunguza uzito, natuma. Kisha nafuta zile kubwa, maana kompyuta yangu imejaa mpaka shingoni. Kadi ya mwisho aliyonitumia niliifuta, nikaiweka kwenye kamera yangu nikaenda kupiga picha za kipaimara hapa Chanji, kwa kuwa ya kwangu ilikuwa imejaa.

Jumamosi alipaswa kurudi, hakurudi. Simu haipatikani. Nikajiambia ni mtandao tu, huko ukingoni mwa bonde mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Jumapili nilikaa kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nikapanda gari kwenda Mpui, kwenye nyumba ya wageni anakofikia, na mwenye nyumba alinipokea kwa kicheko: "Leo umemfuata mumeo mwenyewe?" Begi lake lilikuwa chumbani. Kitanda hakijalaliwa. Alipoona uso wangu kicheko kikamkauka. "Mama, tangu Ijumaa asubuhi alipotoka, sisi tulijua amerudi kwako."

Nikakaa kwenye ngazi yake kama mzigo.

Kisha nikakumbuka video ya mwisho. Gwamaka anasimama ukingoni, bonde la Rukwa lote liko chini limefunikwa na ukungu, anaonyesha kijia kinachoteremka na kusema, "Hapa ndipo pa kushukia. Kesho, Mungu akipenda." Nilikuwa nayo kwenye simu! Nikamkimbilia mwenyekiti wa kijiji, akaita watu, nikawaonyesha. Wakatazama, wakatazama tena. Mmoja akasema ni upande wa kusini. Mwingine akasema hapana, hapo ni kaskazini, kule wanakokata mkaa. Mwenyekiti akanirudishia simu polepole. "Mama, nyasi hizi na vilima hivi ndivyo nchi yetu yote ilivyo. Hapa ulipopaonyesha ni kila mahali." Walikwenda kusini. Walirudi jioni wamelowa ukungu, hawana kitu.

Kuna mama mmoja alianza kuninong'oneza habari za watu kuchukuliwa, unajua jina la Sumbawanga linavyosemwa na watu wa mbali. Nilimkatiza vibaya, na sijamwomba radhi. Sikuogopa wachawi, dada. Niliogopa ile baridi, na mtu amelala nje ndani yake.

Nikampigia Frank, kijana wa ofisini kwao anayepokea video. Nikamwambia kila kitu huku nalia. Akaniuliza, "Dada, faili lenyewe lililotoka kwenye kamera unalo?" Nikasema ninalo lililokatwa. Akasema, "Lililokatwa halitusaidii. Kamera ile huandika na mahali ilipo, muda wote, humo humo ndani ya video. Ukiipitisha kwenye programu za kawaida, picha na sauti vinatoka, njia inatupwa. Mtu anatakiwa aihifadhi njia pembeni kwanza, au akate bila kuitengeneza upya, na lile la mwanzo asiliguse." Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Akasema walidhani najua. Na kadi? Kwenye kadi sasa kuna watoto wa kipaimara na askofu. Dada, maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya niliyamwaga kwa mkono wangu nikijiona nafanya usafi.

 Halafu Frank akauliza, "Kwenye kompyuta ulinakili kabrasha zima la kadi au video tu?" Nikasema zima. "Kuna vifaili vidogo vyenye jina lile lile la video, havifunguki ukibonyeza. Navyo ulifuta?" Sikuvifuta! Nilivipita tu kwa kuwa havikuwa vinakula nafasi, nikaviona takataka. Nikampigia dada wa saluni ninayemwachia ufunguo wa nyumba, akafungua kompyuta, nikamwelekeza kwa simu. Akamtumia Frank. Kile kifaili ni nakala hafifu ya video, picha mbovu, lakini njia imo yote. Frank akanirudishia alama moja kwenye ramani.

Haikuwa kusini wala kaskazini walikosema. Mfugaji mmoja Msukuma, anaitwa Masanja, akaitazama simu akasema, "Hapo? Ng'ombe zangu hushukia hapo kunywa. Pikipiki haishuki hapo, mama." Aliposema hivyo nilitamani arudishe maneno yake. Wakaondoka na kamba na mablanketi. Mimi nikabaki kwa mke wa mwenyekiti, akanipikia ugali wa ulezi, nikaumega na kuushika mkononi mpaka ukapoa. Kila mbwa aliyebweka nilisimama. Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kukwambia, dada, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba moyo ulishaanza kupanga.

Walimpandisha amefungwa kwenye machela ya miti na blanketi. Mguu umevunjika mara mbili, midomo imepasuka, lakini alinitambua. Alikuwa amejibanza chini ya jiwe mbali kabisa na macho ya anayepita juu. Masanja alisema wangeweza kuzunguka wiki nzima wasimwone. Sasa yuko nyumbani na hogo mguuni, ananung'unikia uji wangu, na mimi namwacha anung'unike. Anasema akipona atarudi kazini. 

Mwambie mama taratibu, akiwa ameshakula. Msalimie baba mdogo anayeongoza kwaya, na shangazi aliyenichagulia Gwamaka kwa mdomo wake, mwambie huyo mkwe wake wa kuchagua bado tunaye. Watoto wako wabusu wote, na yule mdogo umwambie anko atamletea asali akiweza kutembea.

Kadi ya siku aliyoanguka ilikuwa bado ndani ya kamera yake, na ofisi wanaiomba. Nimeinakili nzima, faili kubwa na dogo, mahali pawili, sijakata hata nukta. Kuitazama ndiko kumenishinda. Gwamaka anasema kamera iliendelea kurekodi baada ya kuanguka mpaka chaji ikaisha, na kwamba muda wote huo alikuwa akiniita mimi.

Mdogo wako,
Atupele