Mkwe Wangu Hatwangi Tena Mkate

Kwako Mshauri wa gazeti,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nisaidie, maana nimeingia ndani ya jambo na mlango wa kutokea siuoni. Mimi ni Bartolomayo, mpishi wa Bwana wa reli hapa Dodoma, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kusoma na kuandika nilifundishwa na wamisheni nikiwa mtu mzima, kwa hiyo ukiona herufi zinapanda na kushuka usicheke, kwanza uliza hapa stesheni Bartolomayo ni nani. Nimewapikia Wazungu tangu safari za miguu, reli haijaonekana hata kwa ndoto, mkate nikiuoka ndani ya kichuguu nilichokichimba mwenyewe, na ulikuwa unaumuka vizuri. Wapishi wa siku hizi wape kichuguu uone kama hawatalia.

Sasa jambo lenyewe. Bwana na Bibi wanapenda nyama iliyopondwa ikawa nyembamba, ikachovywa kwenye yai, ikavikwa chenga za mkate, ikakaangwa kwa samli mpaka ikashika rangi ya udongo wa hapa kwetu. Chenga hizo ni mkate uliolala, unakatwa, unaanikwa juu ya paa bapa la tembe, nyumba zetu za udongo, mpaka ukiugonga unalia, halafu unatwangwa kwenye kinu na kupepetwa. Chenga zangu zimesifiwa na wageni waliotoka Morogoro mpaka Tabora. Nasema zangu, lakini aliyekuwa anatwanga ni mama wa mke wangu.

Jina lake sitaliandika, ni mkwe wangu. Wewe ukiwa mtu wa pwani labda hujui mambo ya kwetu Ugogo, mkwe hatumtaji, hatumsogelei, tukikutana njiani mimi naingia majanini naye anajifunika nguo usoni, na hapokei kitu kutoka mkononi mwangu wala hali cha bure cha nyumba yangu, hata kama umri wetu ni mmoja, na kweli ni mmoja, maana Anyesi nilimwoa nikiwa na mvi baada ya mke wangu wa kwanza kufariki. Mkwe alipofiwa na mumewe tulimjengea tembe karibu na letu. Basi mkate ukilala Anyesi anampelekea, yeye anaanika, anafukuza kuku, alasiri anatwanga, Anyesi ananiletea zile chenga laini, na vile vipande vigumu vinavyobaki kwenye ungo ni vyake yeye aliyetwanga. Ndivyo ilivyo hata kwa mtama, hakuna anayeuliza. Mimi nilidhani anawapa kuku.

Na jikoni kwa Bwana siyo mbali, nikiusikia mchi wake nasema moyoni, mkwe leo ni mzima. Salamu nyingine hatukuwa nayo mimi na yeye.

Basi Mgiriki akafungua duka karibu na stesheni, akaleta makopo ya chenga kutoka Ulaya, yana picha ya mpishi mnene mwenye kofia nyeupe. Siku moja nimesimama pale dukani na watu, akaja Shaaban, kijana wa Kondoa anayempikia Mzungu mwingine, akasema, "Shikamoo mzee. Kwenu bado mnatwanga mkate kama mtama?"

Nikamjibu, "Marahaba. Na wewe unafanyaje, unautafuna na kuutema?"

Watu wakacheka. Naye akatoa kopo kwenye kikapu chake, akalitikisa. "Mimi nafungua tu, mzee wangu. Dar es Salaam hakuna mpishi anayenuka vumbi la kinu."

Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wananicheka mimi. Mshauri, mimi kuchekwa na mtoto ambaye samli yake inaungua kila siku, moshi wake tunauona mpaka kwetu! Siku ile ile nikamwambia Bibi mambo ya kutwanga yamepitwa na wakati, akanipa ruhusa, nikaleta kopo nyumbani kwanza, nikaliweka katikati ya nyumba walione.

Anyesi akaliangalia, akasema, "Baba Petro, na mama je?"

"Mama yako apumzike. Mwambie mkwe wake sasa ni mtu mkubwa, hatwangi, anafungua."

"Nimwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mzee kama yule mikono inamuuma, mimi namheshimu."

Na naapa nilidhani ni heshima. Kesho yake nikakuta kinu mlangoni kwetu, kile nilichokichonga mimi kwa mninga, kimeoshwa, mchi umelazwa juu, ungo umefunikwa, na salamu zake kwa mdomo wa Anyesi, kwamba kazi imekwisha na anashukuru. Nikafurahi. Nikawaambia watu, mimi mkwe wangu nimemstaafisha kama Wazungu wanavyofanya kwa watu wao.

Kumbe mkwe hali kitu. Anyesi akimpelekea ugali, unarudi umefunikwa kwa kawa lake vile vile. Anasema, "Sikutwanga, nitakula kwa kazi gani?" Mvua mwaka huu haikuwa mvua, ghala lake limebaki vumbi, anachemsha mlenda mkavu peke yake. Nikasema kwa hasira, kwa nini asiwachinje hao kuku aliokuwa anawanenepesha kwa mkate wangu? Ndipo Anyesi akalia. "Kuku gani? Wale aliokuwa anawafukuza ni wa kwako. Mama hana hata kifaranga. Vile vipande alikuwa anaviloweka kwa maziwa, hicho ndicho chakula chake cha jioni, na wewe ulikuwa hujui?"

Sikujua. Mimi ninayejua chumvi ya Bwana kwa kunusa, sikujua.

Na hizo chenga za kopo hazikunipa hata fahari. Bibi alionja akasema, "Bartolomayo, hizi si zako, zinanuka bati." Nikamwambia ndizo bora, zimetoka kwao. Nyama akaiacha kwenye sahani. Tangu nizaliwe sijaachiwa nyama kwenye sahani.

Juzi nilimwona mkwe njiani amebeba kuni, mzigo mdogo hata mtoto angeubeba. Nikaingia majanini kama inavyotakiwa. Akafika usawa wangu akakaa chini. Akataka kuinuka, akashindwa, akakaa tena. Mimi nimechutama kwenye majani kama mwizi, mkono wa kumwinua ninao, na siwezi kuutoa, wala kumwita siwezi, wala kukohoa. Mpaka akapita mwanamke akamsaidia. Tangu hapo chakula changu mwenyewe hakishuki.

Anyesi hanisemeshi, analala kwa mama yake. Nikirudia kinu, Shaaban atanicheka na Bibi atajua nilimdanganya. Nikiendelea na kopo, mkwe wangu atakufa na njaa hatua chache kutoka kwenye jiko langu. Nishauri, ila usiniambie niombe radhi, maana mkwe hasogelewi, na tena mimi sijawahi kumwomba mtu radhi, hata Mzungu.

Ni mimi,
Bartolomayo, mpishi, Dodoma.

JIBU

Mzee Bartolomayo, shikamoo. Mimi ni mdogo kwako, na baada ya shikamoo hiyo nitasema kama mtu asiye na adabu, kwa sababu umeniomba na kwa sababu kuna mtu ana njaa.

Pole. Hukumfanyia ubaya makusudi, hilo naliona. Ulitaka kumpumzisha mama wa watu. Lakini, mzee wangu, nimeisoma barua yako mara mbili, nimejua umepika wapi na wageni gani wamekusifu, nikajua mpaka samli ya Shaaban inavyoungua, na njaa ya mkweo nimeikuta huko chini, nyuma ya kopo lako. Umeishi naye jirani miaka yote hiyo na hukuwahi kumuuliza mkeo, "Mama anakula nini?" Swali hilo halikatazwi na desturi yoyote, ya Ugogo wala ya pwani.

Na usijifiche nyuma ya desturi kama ulivyojificha majanini. Wakubwa wenu walipokataza mkwe asile cha bure, walimwachia mlango: afanye kazi, ale cha kazi yake bila kumwangalia mtu usoni. Mama huyo alipita katika mlango huo kila alasiri kwa heshima zake zote. Wewe umeufunga, kisha unashangaa kwa nini haingii. Ugali unaompelekea sasa ni sadaka, naye si maskini wa kuombaomba. Afadhali alale na njaa, na ndivyo anavyofanya.

Unaniambia nisikutume kuomba radhi. Sawa, sikutumi. Nakutuma kusema kweli, na nadhani kwako hilo ni zito zaidi. Anza na Bibi. Mwambie, "Zile chenga nzuri alizitwanga mama mkwe wangu, nami nilimwachisha kwa majivuno. Naomba arudi." Akikasirika, hatakula nyama yako siku moja, basi. Mbona sasa haili kabisa?

Kisha mwite Anyesi, umwombe apeleke maneno haya, wala usiyapambe: "Za dukani zimenishinda. Jiko langu haliendi bila mkono wako." Usimwambie umemhurumia. Akisikia huruma atafunika ungo wake tena. Mwambie anahitajiwa, maana ni kweli, sahani ya Bibi imeshuhudia. Kinu na mchi vibebwe kwa heshima, vibebwe na watu wazima wa ukoo wako, mbele ya majirani waliosikia ulivyojisifu kwamba umemstaafisha. Na kwa kuwa amekonda, usimpelekee kinu peke yake. Tuma na mtungi wa maziwa, useme ni ya kulowekea kilichobaki, ni sehemu ya kazi kama ungo ulivyo sehemu ya kazi. Mkate uukate mnene, uwe mwingi kuliko nyama ya Bwana inavyohitaji, ili kinachobaki kiwe chakula na siyo makombo. Mikono ikimuuma kweli, Anyesi ashike mchi, yeye apepete. Kazi itabaki yake.

Akikataa? Ana haki ya kukataa. Utatuma tena, na tena, na wakati huo mtafute shemeji au mpwa wake, mtu ambaye mama huyo anaweza kupokea chakula chake, ampikie nyumbani mwake mwenyewe. Majivuno yako yatangoja, tumbo lake halingoji.

Kuhusu Shaaban sina ushauri. Acha acheke. Ni kijana, meno anayo.

Neno la mwisho, mzee. Barua yako imesafiri kwa reli, ikalala mezani kwangu na barua za wengine, ikangoja gazeti lichapwe, na gazeti limesafiri kurudi kwako. Siku zote hizo mama huyo amekuwa akila mlenda mkavu huku wewe ukingoja nikwambie jambo ambalo mkeo alikwambia kwa machozi. Kwa hiyo ukifika hapa usigeuze ukurasa, wala usimsomee mtu jibu lako. Weka gazeti chini, nenda ukakande unga wa mkate.